Ombi la Kuirudishia Pedali ya Breki Ugonjwa Wake

Katuba, Élisabethville
Juni 1956

Kwa Bwana Msimamizi wa Garaji ya Malori

Bwana Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Madamu, pamoja na maua ya Madamu ambayo nasikia yameanza kuchipua tena. Mimi ni Donat Kalaba, dereva wa lile lori la kijani la tani kumi linalopeleka unga Sakania na kurudi na mbao. Hatujawahi kuzungumza, isipokuwa siku ile uliponipigia kelele bustanini kwako, nami sikujibu kwa sababu Kiflamandi sikijui.

Naandika kwa heshima na kwa uchungu. Mmeitengeneza breki ya lori langu. Naomba iharibiwe tena. Siombi iharibike kabisa, mimi si mwendawazimu. Naomba irudi kama ilivyokuwa kabla ya siku ya maua. Nisipopata msaada wako, ndoa yangu na mke wangu Delphine haitafika Krismasi.

Najua utajiuliza pedali na ndoa vinakutana wapi. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe ni mkubwa wangu wa kazi, basi nitakuambia yote.

Pedali ya zamani ulikuwa ukiikanyaga mara ya kwanza inazama mpaka chini bila kuuliza kitu, kama kidole ndani ya bukari, yaani ugali, usioiva. Unaiachia, unaikanyaga tena, inakupa nusu. Unaiachia, unaikanyaga, unamtaja mtakatifu wako, ndipo inakaza. Sisi madereva kazi hiyo tunaiita kupompa. Resori, yaani springi, inayoirudisha pedali juu ilikuwa imekatika zamani, na mahali pake nilifunga kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Ule mpira wa juu, unaozuia mguu usiteleze, ulikuwa umelika hata chuma kinang'aa. Tuliomba itengenezwe. Tuliomba kwa mdomo, tukaomba kwa kupitia karani, tukajibiwa kwamba breki ni nzima ila miguu ya madereva weusi ni myepesi. Kisha jioni moja lori likasimama katikati ya bustani ya Madamu, na asubuhi yake fundi Paulin alikuwa amelala chini yake na vyuma vipya kutoka Ulaya, hata vile tulivyoambiwa kwamba havitengenezwi tena. Silalamiki juu ya hilo. Kila mtu huwahi kuzima moto wa kwake.

Sasa nije kwenye ndoa. Mama mzazi wa Delphine, yaani mama mkwe wangu, anakaa kijiji cha Chomba, kando ya barabara ya Sakania. Jina lake siliandiki hapa, na hata ukiniita ofisini nilitaje sitalitaja, kwa sababu kwetu mkwe halitamki jina la mama mkwe wake. Wala hamtazami usoni. Wala hali chakula mbele yake. Akimwona anakuja njiani, anaingia porini mpaka mama apite. Hiyo ndiyo heshima, nayo haina mwisho mpaka mama mkwe mwenyewe aamue kumpikia kuku na kumwingiza nyumbani kwake. Kuanzia siku hiyo wanasalimiana na kula pamoja. Wenzangu wengine waliingizwa mwaka wa kwanza wa ndoa. Mimi bado. Delphine akimuuliza mama yake anangoja nini, hujibu: «Ule mukwe iko napita mbio na kamyo. Nitamuingiza namna gani muntu mwenye sijamujua?»

Nyumba yake, Bwana, iko katikati ya mtelemko. Lori lililojaa unga, kwa pedali ya zamani, lilikuwa likianza kusimamishwa juu kabisa penye kichuguu kikubwa, na kusimama chini kabisa, ng'ambo ya daraja. Hapo katikati hakuna aliyeweza kusimama, hata angekuwa askofu. Kila mtu wa Chomba alilijua hilo. Kwa hiyo nilikuwa napiga honi, nageuza uso upande wa pili kama inavyotakiwa, na kwa mkono mmoja narusha dirishani kifurushi cha chumvi na samaki wakavu. Kikianguka uani, anakiokota. Mila imetunzwa, zawadi imefika, hakuna aliyemwona mwenzake. Mama mkwe mwenyewe aliwaambia majirani: «Mukwe wangu iko kama upepo, lakini upepo yenye kuleta chumvi.» Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu mwingine yeyote. Tuliishi kwa amani hiyo tangu harusi, kisha mkatengeneza.

Malalamiko yangu ni haya, nami nayapanga kwa namba kama tulivyofundishwa na mapadri.

1. Lori sasa linasimama pale pale ninapokanyaga. Safari ya kwanza, kwa mazoea, nilianza kupompa penye kichuguu. Sikumaliza hata kukanyaga mara moja. Lori lilisimama wima, magunia yakaja mbele, yakarudi nyuma, na watu waliokuwa wamekaa juu yake wakateremka bila kupenda. Watu hao mimi sikuwa nimewaona, kwa kuwa sheria ya kampuni inanikataza kuwabeba, lakini niliwasikia wakinitukana mmoja mmoja.

2. Fundi Paulin ana kiburi na kazi yake. Safari iliyofuata alipanda nami ili aijaribu pedali, akaniomba usukani. Tulipofika Chomba, badala ya kupita, alisimamisha lori mbele ya mlango wa mama mkwe wangu kabisa, ili kijiji kione. Mimi nilikuwa kabini, Bwana! Nilijitupa chini, nikajikunja kwenye miguu ya Paulin, nikafunika kichwa kwa tambara la mafuta. Paulin akapaza sauti: «Mama, ona! Sasa iko nasimama kama muntu ya heshima!» Nikamsikia mama mkwe akisogea, akiuliza kama dereva wake yumo. Paulin akamwambia yupo peke yake. Mama akauliza: «Na ile kofia juu ya kiti, ni ya nani?» Paulin hana akili ya haraka. Alijibu kwamba kofia ni ya lori. Kule chini nilipokuwa niliiona pedali kwa karibu sana, na kwa haki nakiri kwamba ni nzuri: mpira wenye mistari, resori mpya, mafuta hayavuji popote. Ni aibu kubwa kwamba kitu kizuri kiasi hicho kimekuja kuvunja nyumba yangu.

3. Tangu siku hiyo kupita kwangu kumekuwa tusi. Zamani nilikuwa siwezi kusimama. Sasa ninaweza, na sisimami. Mila zetu zina dawa ya mtu asiyeweza. Dawa ya mtu asiyetaka hazina. Nikisimama, nimekutana na mama mkwe ambaye hajaniingiza, nimevunja mila. Nisiposimama, nimemdharau, nimevunja mila hiyo hiyo kwa upande wa pili. Wiki iliyopita alituma ujumbe kwa Delphine, na mleta ujumbe aliusema mbele ya majirani wote wa Katuba: «Ambia bwana yako: zamani kamyo ilikuwa mugonjwa. Sasa mugonjwa iko nani?» Akaongeza kwamba kama sina haja naye, basi na binti yake amrudishie. Delphine hakubishana na mama yake, wala hakubishana na mimi. Amekunja vitambaa vyake vyote na kuviweka sandukuni. Nikirudi jioni nakuta chakula kimepikwa vizuri na sanduku liko karibu na mlango. Bwana Msimamizi, afadhali mke anayegombana.

4. Nimejaribu dawa zangu mwenyewe kabla ya kukusumbua. Nilipita nimejifunika uso kwa gunia la unga lenye matundu mawili, na kama si kile kichuguu kunizuia ningekuwa mtoni. Kisha nikawaza: kama kosa ni kumpa mama mkwe uso, nitampa mgongo. Niligeuza lori pale juu na kuteremka kinyumenyume. Hesabu yangu ilikuwa mbovu. Lori likirudi nyuma ni mkia unaotangulia, na uso wa dereva unabaki nyuma, unateremka polepole mbele ya kila nyumba. Mama mkwe alikuwa anatwanga. Aliacha kutwanga. Nikakanyaga ili nifikiri, na breki, kwa kuwa Paulin ameifanyia kazi pande zote, ikashika kinyumenyume kama inavyoshika kimbele. Nilikaa pale nimefumba macho, injini inanguruma, nikajikumbusha gia, nikaondoka. Delphine alipata habari hiyo kabla sijafika nyumbani.

5. Jina langu limeharibika kwa madereva wenzangu. Mwenzangu Mwansa, ambaye lori lake bado lina pedali ya zamani kwa kuwa halijawahi kuingia bustani yoyote, ni mkwe anayependwa njia nzima. Mama mkwe wake anakaa mtelemko mwingine, mbele ya Chomba. Mwezi uliopita aliamua kumwingiza, na kwa kuwa anajua lori halisimami, alimrushia kuku aliyepikwa dirishani. Mwansa alimdaka, akamla huku anapompa, akafika chini ya mtelemko akiwa mkwe kamili. Hivi ndivyo watu walioendelea wanavyofanya.

6. Nisije nikaonekana mtu wa tumbo lake tu, naomba nizungumzie faida ya kampuni. Dereva asiyeweza kusimama haombwi kusimama. Sasa karani wa chifu ananipungia mkono. Mwalimu wa dini ananipungia mkono. Mwanamke mwenye mbuzi ananipungia mkono, na mbuzi pia nadhani angefanya hivyo kama angekuwa na mikono. Lori lililokuwa likifika Sakania kabla ya jua kuwa kali sasa linafika watu wakiwa wamelala mchana. Isitoshe, imani imeshuka. Zamani kila mtelemko watu juu ya magunia, ambao siwaoni, walisali rozari kwa sauti moja, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Sasa wanaongea juu ya mpira wa miguu. Mapadri wakija kuuliza kwa nini barabara ya Sakania haitoi tena wanafunzi wa ubatizo, mimi nitasema ukweli kwamba ni Paulin.

7. Naamini kosa lilianzia huko Ulaya, mezani kwa waliochora pedali hii. Waliifikiria miguu, wakafikiria uzito wa mzigo, wakafikiria mvua. Hawakufikiria ukwe. Ama walikuwa mabachela, ama mama wakwe zao wanakaa mahali tambarare. Pedali ya nchi hii ingepaswa kuwa na tabia mbili: kali mjini, hasa karibu na maua, na laini kuanzia pale nyumba za wakwe zinapoanza.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya haya. Hewa irudishwe ndani ya mrija wa mafuta ya breki kama ilivyokuwa. Hewa hainunuliwi, na Paulin aliyeitoa lazima anajua alipoiweka. Hilo likishindikana, resori mpya iondolewe, kipande changu cha mpira bado ninacho, nimekihifadhi. Na hilo likishindikana, nitengenezewe kabari ya mti ya kuweka chini ya pedali nikifika kichuguuni, kisha karani aandike katika karatasi yenye mhuri kwamba lori limezuiwa na kampuni kusimama Chomba, nami nitaipeleka kwa mama mkwe kwa njia ya kuirusha. Na kama kampuni inaona aibu kuharibu kitu chake, basi mtelemko uhamishwe. Nimeona jinsi mnavyohamisha milima mizima kutafuta shaba. Mtelemko wa Chomba ni mdogo, na kwa kuwa hauna shaba kazi itakuwa nyepesi.

Nasema haya bila kuficha: nampenda mke wangu. Sitaki kuamka nikute lile sanduku limeondoka. Mtu anaweza kuzoea lori lisilosimama, nimelizoea kwa miaka. Nyumba isiyo na Delphine sitaizoea.

Nakusalimu tena, Bwana Msimamizi. Msalimie Madamu. Wasalimie karani, mlinzi wa lango, mpishi wako ambaye tunatoka kanisa moja, na mbwa wako ambaye siku ile ya bustani alikuwa mwenye akili kuliko sisi sote, akaondoka mapema. Msalimie hata Paulin, ila usimwambie kwamba nimeisifu pedali.

Mimi mtumishi wako, anayeshindwa kupita na anayeshindwa kusimama,

Donat Kalaba, dereva

Nyongeza. Bwana, usifanye neno lolote kati ya niliyoomba hapo juu. Barua hii nilikuwa nimeitia mfukoni ili niilete nikitoka Sakania. Sasa nimekwisha kurudi, naandika haya haraka kwa penseli, nayo ndiyo ya kweli.

Niliteremka Chomba nikiwa na mzigo kamili, uso nimeugeuza upande wa pili kama kawaida. Nilipotupa macho mbele mara moja, niliona kigoda katikati ya barabara, na juu yake amekaa mwanamke ambaye jina lake siliandiki. Alikuwa amenipa mgongo. Mila anaijua kuliko mimi, hakutaka kunitazama. Alitaka tu kujua kama nitasimama. Sikuwaza juu ya heshima wala juu ya barua. Nilikanyaga mara moja. Lori likasimama, na kutoka kiti changu sikuona tena kigoda, niliona kilemba chake tu mbele ya boneti. Kwa pedali ile ya zamani, Bwana, wakati huo ningekuwa ndiyo kwanza naiachia ili niikanyage mara ya pili.

Nikalia juu ya usukani, sioni haya kusema. Hakugeuka. Akauliza: «Mukwe, ni weye?» Nikaujibu mgongo wake, neno la kwanza tangu nioe: «Ndiyo, mama.» Akasema: «Kumbe unajua kusimama.» Akainuka, akaingia nyumbani, akatoka na kuku aliyekwisha kupikwa. Alikuwa amempika asubuhi, kabla hajakaa barabarani. Nikamla juu ya boneti ya moto, kijiji kizima kinatazama, naye akanitazama usoni mpaka nikamaliza. Nimeingizwa.

Niliporudi kutoka Sakania nilimkuta mama mkwe ananingoja kando ya barabara, akapanda kabini. Sasa yuko ndani na Delphine, wanacheka, na sanduku limefunguliwa. Kwa hiyo naomba Paulin aikague pedali hii kila nikitoka na kila nikirudi, na kesho asubuhi aanze na lori la Mwansa, kwa kuwa mama mkwe wa Mwansa bado anavuka barabara akiamini kwamba upepo humpisha mtu.

Kuna ombi moja la mwisho, si langu. Njia nzima kutoka Chomba mama mkwe alikuwa anakanyaga sakafu ya kabini upande wake, kila kona, kila mbuzi. Anataka awekewe pedali yake ya breki pale anapokaa. Nimemweleza kwamba lori lina dereva mmoja na pedali moja ya breki. Amenijibu: «Weye utakanyaga yako siku unaniona. Mimi nitakanyaga yangu siku hauniona.» Tafadhali mwekeeni.